Dharuba Haionekani Kwenye Wastani

Utabiri ukitaja upepo wa kilomita 15 kwa saa kutoka kusini-mashariki, mvuvi wa dagaa pale Igombe haoni la kumzuia. Lakini namba hiyo ni wastani. Kwa utaratibu wa kimataifa upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi, na kasi inayotangazwa kwa kawaida ni wastani wa dakika 10. Ndani ya dakika hizo upepo hupanda na kushuka, na unapopanda ghafla kwa sekunde chache, hiyo ndiyo dharuba. Utabiri mzuri huipa namba yake.

Namba hiyo ya pili ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye tanga au ubavu wa mtumbwi huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, msukumo huwa mara tisa. Wastani wa 15 wenye dharuba za 45 si upepo mwanana hata kidogo.

Kisha mwelekeo. Upepo huitwa kwa upande unakotoka, na Mwanza iko kusini mwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo upepo wa kusini-mashariki hapa unatoka nchi kavu kwenda majini. Ukisimama mwaloni Kirumba utaona maji yametulia, kwa sababu upepo haujapata nafasi ya kuyainua. Kadiri unavyosafiri juu ya maji ndivyo mawimbi yanavyokua, na aliyeko mbali kaskazini hayaoni maji uliyoyaona wewe. Katika Ghuba ya Speke hatari ni upepo wa magharibi, unaopita urefu wote wa ghuba kuelekea Lamadi.

Jambo kubwa zaidi hutokea usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi hupoa, maji yakabaki na joto, na upepo hugeuka: kutoka Mwanza, Musoma na Bukoba unaelekea ziwani. Ziwa hili lina takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo lina nafasi ya kutosha kwa pepo hizo kukutana. Zikikutana hupanda, zikibeba mvuke wa maji ya uvuguvugu, na mawingu ya radi hujengeka kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao, hasa mwezi unapokuwa gizani. Upepo mwanana unaowasindikiza kutoka mwaloni jioni ndio unaolisha radi ya alfajiri.

Wingu hilo linapomwaga mvua, hewa baridi huporomoka nayo, hugonga maji na kusambaa kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Upepo ukitulia ghafla, ukageuka upande na kuja na baridi, zimebaki dakika chache.

Programu nyingi za simu hazioni wingu moja kama hilo. Hukokotoa hewa kwa miraba yenye upana wa kilomita nyingi, na radi ya ziwani huweza kuzaliwa na kufa ndani ya mraba mmoja. Zinafaa kuonyesha hali ya jumla ya siku, basi. Kwa usiku wa kazi, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yenye rada Mwanza. Mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia kuanzisha utabiri mahsusi wa ziwa kwa wavuvi, unaotaja upepo na mawimbi kwa kila eneo.

Ndugu zangu watangazaji wa redio za Kanda ya Ziwa, msome namba ya dharuba pamoja na mwelekeo, hata muda ukiwa mfupi. Nanyi matajiri wa mitumbwi, tahadhari ya upepo mkali ikitolewa, msiwasukume vijana kutoka usiku huo. Dagaa watakuwepo kesho, na kila anayetoka avae jaketi okozi.