Maji Nayo Yanasomewa?



Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 2 hospitalini kwetu, mtoto akiwa amelegea na macho yameingia ndani kwa kuharisha. Tulimnywesha maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari, tukampa na vidonge vya zinki, akapona. Baada ya wiki 3 akarudi na ugonjwa uleule. Aliporudi mara ya tatu tulimwuliza mama, "Maji mnachota wapi?" Akajibu, "Sista, kisima chetu kimegeuka chumvi. Siku hizi tunachota bwawani, pamoja na ng'ombe."

Katika mazungumzo alitueleza jambo jingine lililomsumbua. Binti yake mkubwa amemaliza Kidato cha Sita na amefaulu masomo ya sayansi. Anataka kwenda chuo kikuu kusomea usimamizi wa rasilimali za maji. "Sisi tulitaka awe daktari," alisema. "Maji nayo yanasomewa?"

Ndugu wazazi, swali hili tumelisikia kwa wengi. Leo tunapenda kulijibu kwa jicho la wauguzi.

UGONJWA HUANZIA MAJINI

Magonjwa mengi tunayoyatibu huku pwani yametoka majini. Kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na maji yaliyoingiwa na kinyesi. Kichocho humpata mtoto anayeoga au kucheza kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, naye huanza kukojoa damu. Sisi tunampa dawa, kisha tunamrudisha kwenye maji yaleyale. Mtu aliyesomea maji anaweza kulishika tatizo kabla mtoto hajafika wodini. Huyo ni mwenzetu katika kazi ya afya, ingawa havai koti jeupe.

KWA NINI KISIMA HUGEUKA CHUMVI?

Wakazi wa Bagamoyo wanajua kwamba visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvi. Sababu yake hufundishwa chuoni. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kadiri ya mita 40 za maji matamu chini yake. Basi tukivuta mno kwa pampu na kuyashusha maji matamu kwa mita 1 tu, chumvi hupata nafasi ya kupanda mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo kisima kikianza kuonja chumvi, kukichimba zaidi au kuweka pampu kubwa kunaweza kuzidisha hasara. Tena kumbukeni: kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Huko Bangladesh, watafiti wameona uhusiano kati ya maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa akina mama wajawazito. Ni jambo la kuangaliwa na sisi wa pwani.

MTO NI WA WENGI

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru na kuingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Njiani unanywesha mashamba, mifugo na viwanda. Jiji la Dar es Salaam hutegemea sana mitambo miwili ya mto huu: Ruvu Juu ya mwaka 1959 na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Mwaka 2022 mvua zilipopungua, mto ulishuka na maji yakatolewa kwa mgawo jijini. Anayekata miti Uluguru au kulima hadi ukingoni anamgusa mama anayesubiri bombani Dar es Salaam.

Mto Wami nao, unaoingia baharini upande wa Saadani, una watumiaji wengi. Mito hii miwili iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi Morogoro. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha yale ya kulinda mazingira, ndipo shughuli nyingine za uchumi. Kupima, kugawa na kusuluhisha ugomvi wa maji ni kazi inayohitaji wasomi.

WANAJIFUNZA NINI, NA WAPI?

Wanafunzi hawa hupima mvua na mito, huchunguza maji yaliyo chini ya ardhi, hupima ubora wa maji katika maabara, husoma sheria na hujifunza kukaa na wanakijiji wakasikilizana. Wanapotaja matumizi endelevu, maana yake ni kutumia maji leo bila kumwachia mjukuu kisima kikavu.

Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, kilichoanzishwa mwaka 1974, hufundisha kuanzia cheti hadi shahada. Mtoto ambaye hakufika Kidato cha Sita naye asikate tamaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya uhandisi wa rasilimali za maji. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha maji pamoja na umwagiliaji, na Chuo Kikuu Ardhi hufundisha uhandisi wa mazingira.

Wengine huuliza kama kazi hii yamfaa msichana. Mkutano wa kimataifa wa maji uliofanyika Dublin mwaka 1992 ulitamka kwamba wanawake wana nafasi kubwa katika kupata, kusimamia na kulinda maji. Huku kwetu anayebeba ndoo ni nani? Basi naye akae mezani maji yanapogawiwa.

WAZAZI TUFANYE NINI?

1. Mtoto anayependa hesabu, fizikia, kemia au jiografia asizuiwe. Mwulizeni mwalimu wake kuhusu vyuo hivi mapema.

2. Ada ikiwa kikwazo, fuatilieni maombi ya mkopo wa elimu ya juu kabla muda haujapita.

3. Mkitaka kuchimba kisima, pateni kwanza ushauri wa ofisi ya maji ya wilaya. Kisima kiwe mbali na choo na kiwe na mfuniko.

4. Ninyi mliosomesha mtoto fani hii, mwambieni arudi kijijini wakati wa likizo awapimie kisima.

Yule mama tulimweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Sista, aende. Lakini huyu mdogo nimfanyie nini leo?" Aliuliza vema. Shahada huchukua miaka 3 au 4, na kuhara hakungoji. Tukamwambia: chuja maji kwa kitambaa safi, chemsha hadi yatokote, hifadhi katika chombo chenye mfuniko, na nawa mikono kwa sabuni. Dada yake akimaliza masomo, amkute mdogo wake yu hai na mzima.