KIVULI KWANZA, BENCHI BAADAYE

Apitaye Forodhani saa nane za mchana, jua la kaskazi likiwa kali, huona jambo lisilohitaji mtaalamu wa kulieleza. Benchi lililo juani huwa tupu. Lililo chini ya mti hujaa, na waliokosa nafasi hukaa hata juu ya mizizi, ilimradi wapate kivuli.

Bustani hiyo, iliyoanzishwa miaka ya 1930 kwa heshima ya Jubilei, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Leo ni baraza ya mji mzima. Lakini tukumbuke kuwa baraza ya wazee wetu haikuwa jiwe tupu. Ilikaliwa kwa sababu mbili: ilipata kivuli cha ukuta, na ilitazama njia, mtu akamwona mpita njia wakaamkiana.

Mambo hayo mawili hayatengani. Huko New York, bustani ya Bryant Park ilikuwa na miti mizuri mikubwa, lakini pia ua wa chuma na wa majani uliowaficha waliomo. Raia wema wakaikimbia, wauza madawa ya kulevya wakaitawala. Mtafiti William H. Whyte, ambaye miaka ya 1970 alichunguza jinsi watu wanavyokaa katika viwanja vya mji huo, alishauri ifunguliwe ionekane. Miti ikabaki, ua wa majani ukaondolewa, na baada ya bustani kufunguliwa upya mwaka 1992 watu wakarejea. Basi si kila kijani humwita mkaaji: kilicho juu ya kichwa humkaribisha, kilicho mbele ya macho humtia hofu.

Sisi tunao ushahidi wetu Mizingani. Mti Mkubwa, uliopandwa mwaka 1911, umewakusanya wenye mashua kwa miaka mingi bila ya fahari yoyote.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaopanga viwanja vipya mijini, Unguja na Pemba: mkungu na mwembe vipandwe kabla ya saruji kumwagwa, na maua ya pembeni yasipite kimo cha goti. Benchi hujengwa kwa siku moja. Kivuli hungojewa miaka.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mchukuzi wa Darajani na mvuvi wa Malindi wamekwisha kuchuma. Kivuli chao kiko wapi?