Safari fupi ya Mahenge: homa ya bondeni na jiko la mkaa



Ifikapo mwezi wa Juni shule zinafungwa, mpunga mwingi umekwisha kuvunwa, na familia nyingi za Kibaoni hupata nafasi ya kwenda kuwaona ndugu walioko milimani. Wengine huenda mbali hadi Iringa, lakini kwa wengi wetu mlima wa karibu ni Mahenge. Siku hizi safari hiyo ni nyepesi kuliko zamani. Sasa Mto Kilombero unavukwa kwa Daraja la Magufuli, bila kukaa kivukoni kusubiri zamu. Mnapita Lupiro, gari linaanza kupanda, na baada ya kona kadhaa watoto wanauliza masweta yako wapi.

Katika safari kama hii hawaendi baba, mama na watoto wao tu. Yumo bibi, yumo shangazi na mtoto mchanga mgongoni, wamo wajukuu wa nyumba tatu. Mnalala usiku tatu au nne, mnahudhuria Kipaimara cha mtoto wa mjomba, mnakula mkungu wa ndizi, mnarudi. Safari ya namna hiyo ni njema kwa afya. Wazee wanafurahi, na waliochoka na joto la bondeni wanalala usingizi mzuri. Hata hivyo yako mambo mawili yanayoweza kuwatia msibani. La kwanza mnalibeba wenyewe kutoka nyumbani bila kulijua. La pili mnalikuta kule kule kwa mwenyeji, tena kwa sababu ya wema wake.

Homa mliyokwenda nayo

Tuanze na malaria. Watu husema, “Kule juu hakuna mbu, vyandarua acheni nyumbani.” Usemi huu una ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaopotosha.

Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akifanya kazi India, aliona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba ugonjwa huu unaletwa na hewa mbaya ya mabwawani, na hata jina lenyewe, malaria, linatokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana hiyo. Leo tunajua kwamba mbu jike aina ya anofelesi akimnyonya damu mwenye vimelea, hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Vimelea vinahitaji muda wa kukua ndani ya mwili wake, na muda huo hutegemea joto. Penye nyuzijoto 25 hivi, kama ilivyo kawaida huku bondeni, vinahitaji karibu siku 12. Joto likiwa nyuzi 20, vinahitaji karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya muda huo. Likishuka zaidi hadi kati ya nyuzi 18 na 16, ukuaji wao husimama.

Ifakara haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mahenge iko karibu mita 1,000. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kule juu malaria ni kidogo kuliko huku, lakini ipo. Miezi ya joto na mvua mbu wa Mahenge anaweza kabisa kuambukiza. Kupungua si kuisha.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Mtu akishaumwa na mbu mwenye vimelea, haugui kesho yake. Vimelea huenda kwanza kwenye ini, hukaa huko vikiongezeka, ndipo huingia katika damu. Kutoka siku ya kuumwa hadi siku ya homa hupita siku 7 kwa uchache, na mara nyingi kati ya 9 na 14. Hesabu mwenyewe. Mjukuu akipandwa na homa usiku wa pili mkiwa Mahenge, mbu aliyemwambukiza hakuwa wa Mahenge. Alikuwa wa Kibaoni, wiki moja au mbili kabla hamjafunga mizigo.

Hapo ndipo makosa hufanyika. Mtoto anatetemeka, na wakubwa wanasema, “Ni baridi tu, hajaizoea.” Wanamfunika blanketi, wanampa chai ya tangawizi, wanasubiri kesho, halafu keshokutwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano siku mbili ni nyingi mno. Homa ya mtoto aliyetoka bondeni ihesabiwe kuwa ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidoleni, na jibu hupatikana kwa dakika 15 hadi 20. Mkiona dalili za hatari, yaani mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazindukani vizuri, viganja vimekuwa vyeupe, au anahema kwa shida, msingoje mapambazuko. Mahenge mjini ipo hospitali ya wilaya ya Ulanga.

Dawa mseto huliwa siku tatu kamili, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu bila mafuta dawa haiingii vizuri mwilini. Bibi mwenye mfuko wa vidonge vilivyobaki mwaka jana, akimgawia kila mjukuu kimoja kimoja, ana nia njema, lakini vidonge hivyo havimponyi hata mmoja wao.

Basi mfunge chandarua katika mzigo. Watu wa bonde hili wanapohamia vibanda vya shamba wakati wa mpunga hujifunza haraka kwamba chandarua kilichobaki nyumbani hakimsaidii aliye shambani. Kwa mwenyeji ni hivyo hivyo. Yeye anavyo vya watu wake tu, na wageni kumi na mbili wanalala chini kwenye mikeka. Chukueni kamba, misumari minne na vyandarua viwili vikubwa. Watoto watatu au wanne wanaenea chini ya kimoja, ncha zikikunjwa chini ya mkeka, bila mkono wala mguu kugusa wavu.

Tuna sababu ya kulisisitiza jambo hili hapa kwetu kuliko kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima katika kijiji cha Namawala wakaona kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, karibu kila usiku mara moja. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la “Zuia Mbu” ambalo wazazi wa umri fulani watalikumbuka. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliovitumia, uhai uliongezeka kwa asilimia 27. Kipo kilichojulikana duniani juu ya vyandarua kwa sababu ya watoto wa bonde hili. Ingekuwa ajabu sisi wenyewe kuviacha ukutani.

Jiko la mkaa chumbani

Sasa jambo la pili. Usiku wa Juni na Julai kule juu ni baridi, na mwenyeji anawahurumia wageni wake wa bondeni. Wanapokwenda kulala anawaletea jiko la mkaa lenye moto mwekundu, analiweka katikati ya chumba, anafunga dirisha, anaziba na nafasi chini ya mlango kwa kitambaa ili upepo usipite. Amefanya hivyo kwa upendo. Asubuhi chumba kizima kinaweza kuwa kimya.

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Watu hudhani hatari iko katika moshi, na kwamba mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ni salama. La hasha. Moshi angalau unakuamsha kwa kikohozi. Sumu hii huingia kifuani kimya kimya na kushika chembe nyekundu za damu, mahali pale pale panapobeba hewa safi ya oksijeni, tena hushika kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mtu anaendelea kuhema, lakini mwili wake unakosa hewa. Aliye usingizini haamki. Mtoto mchanga, mzee mwenye ugonjwa wa moyo, mama mjamzito na mtoto aliye tumboni ndio huumia mapema.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na miguu kukosa nguvu. Msomaji wa Ifakara akisoma orodha hiyo atasema, “Hiyo si malaria?” Ndiyo maana tumeyaweka mambo haya mawili katika ukurasa mmoja. Malaria haiwaamshi watu watano wa chumba kimoja saa ile ile, wote wakiumwa kichwa. Mkiona hivyo, na jiko lipo ndani, msitafute mchawi wala chakula kibovu. Fungueni mlango, watoeni wote nje kwenye hewa safi, wa usingizini kwanza, kisha wapelekeni hospitali wapewe oksijeni hata kama wameanza kujisikia vizuri.

Kumkatalia mwenyeji ni vigumu kwa desturi zetu, hasa akiwa mkwe au mjomba. Njia rahisi ni kuota moto pamoja naye jikoni au uani mpaka saa ya kulala, kisha jiko libaki nje. Aliye mkubwa katika msafara ndiye aseme, kwa heshima: “Mjomba, tumeota vya kutosha, sasa tunalala na mablanketi.” Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kulifanya jiko liwe salama watu wakiwa wamelala. Mtoto mchanga alale na mama yake kifua kwa kifua, avikwe kofia na soksi. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu aangaliwe zaidi ya wote, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Avae nguo nzito tangu garini, anywe maji mara kwa mara, na asiachwe kuoga mtoni na wenzake.

Wenye dawa za presha, kisukari au kifafa wachukue za siku zote na mbili tatu za akiba, maana mvua ikinyesha gari linaweza kukawia.

Tukiwa tumetaja kifafa, Mahenge inajulikana kwa wingi wa ugonjwa huu, na tangu mwaka 1960 hivi Dk. Louise Jilek-Aall kutoka Norwei aliwatibu wagonjwa wake huko. Uchunguzi umeonyesha uhusiano na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi, na ndiyo sababu dawa ya usubi hugawiwa vijijini huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa mgeni wa siku nne hatari ni ndogo sana. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa sahani wala kwa kulala chumba kimoja. Binamu mwenye kifafa ale na wenzake.

Mara nyingi familia hurudi na mtu wa ziada, mtoto wa mlimani anayekuja Kibaoni kumaliza likizo. Huyu ndiye aliye hatarini kuliko watoto wenu. Hajaumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi kama wao, mwili wake haujajenga kinga ya kutosha, na malaria ikimpata inaweza kuwa kali hata kama ana miaka kumi. Apewe chandarua tangu usiku wa kwanza. Akirudi kwao, mama yake aambiwe kwamba homa yoyote katika majuma manne ya kwanza apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na mganga aelezwe wazi kwamba mtoto alikuwa Ifakara.