Mtu mzito hahitaji godoro gumu kama ubao

Na MWANDISHI WETU

Watu wengi wenye miili mikubwa huamini kwamba dawa ya mgongo unaouma ni kulala mahali pagumu. Mmoja hutandika mkeka sakafuni, mwingine humwita fundi amwekee plaiwudi chini ya godoro, na yule mwenye uwezo huingia dukani na kumwambia mwuzaji ampe lile gumu kuliko yote. Baada ya miezi miwili kiuno kingali kimekakamaa kila asubuhi, na sasa bega na nyonga navyo vinauma.

Msomaji, ikiwa uzito wako ni kilo 90, 100 au zaidi, unachopaswa kutafuta ni uwezo wa godoro kukubeba. Ugumu ni jambo jingine kabisa. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, hata na wauzaji wenyewe, na kosa hilo huwagharimu watu akiba ya miezi mingi. Godoro gumu huukataa mwili. Godoro linalobeba huyaacha mabega na nyonga zizame kidogo, kisha likasimama, lisiendelee kudidimia hadi usikie mbao za kitanda.

Wala hili si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti uliofuata wa mwaka 2022 ukaonyesha kwamba idadi hiyo imezidi kupanda. Hata hivyo, ukizunguka madukani utadhani kila godoro lilikusudiwa mtu wa kilo 60.

Mgongo wakati wa usiku

Uti wa mgongo haukunyooka kama fimbo. Umepinda kidogo shingoni, mgongoni na kiunoni, na kati ya pingili zake mna visahani laini vyenye maji. Mchana kutwa, unapotembea na kuketi, visahani hivyo hubanwa na kupoteza maji. Usiku ukilala hunyonya maji tena na kuvimba. Ndiyo sababu mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa kiasi cha sentimita moja hivi au zaidi.

Kazi hiyo huhitaji misuli ya mgongo ipumzike. Sasa fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyotundikwa blanketi lililolowa maji. Hivyo ndivyo uti wa mgongo unavyokuwa godoro linapobonyea katikati. Kiwiliwili peke yake, bila kichwa, mikono na miguu, hubeba karibu nusu ya uzito wa mtu, na kwa mwenye tumbo na makalio makubwa mzigo huo wote hukusanyika mahali pamoja. Misuli hukesha ikivuta ili mgongo usipinde zaidi.

Godoro gumu mno nalo lina adhabu yake. Anayelala kwa ubavu huwa ameegemea bega na nyonga tu, kiuno kikining'inia hewani. Mkono hufa ganzi, na usiku kucha ni kugeuka upande huu na upande ule.

Mnamo mwaka 2003, jarida la madaktari la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 waliokuwa wakiugua kiuno kwa muda mrefu. Baadhi yao walipewa magodoro magumu na wengine yenye ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa wamepata nafuu zaidi, kitandani na hata wakati wa kuamka. Huo ulikuwa msumari wa moto kwa wale waliokuwa wakiwaambia wagonjwa walale sakafuni.

Lakini hapa ndipo mtu mzito anapopaswa kuwa mwangalifu. Neno "wastani" halina maana moja kwa kila mwili. Godoro ambalo mtu wa kilo 60 ataliita la wastani, mtu wa kilo 110 atalizamia kama tope. Kwa hivyo usinunue kwa ushuhuda wa jirani, ila kama jirani mwenyewe ana mwili kama wako.

Mseto ni nini?

Kwa miaka mingi chaguo letu lilikuwa kati ya sponji na springi. Siku hizi kuna magodoro ya haibridi, ambayo tunaweza kuyaita mseto. Chini huwa na springi, na juu hutandazwa tabaka la sponji, la mpira au la ile sponji nzito inayofuata umbo la mwili. Springi zenyewe huwa zimeshonewa kila moja mfuko wake wa kitambaa. Wazo la mifuko hiyo ni la zamani. Mhandisi James Marshall alilibuni huko Kanada takriban mwaka 1900.

Faida yake kwa mtu mzito ni kwamba springi iliyo chini ya nyonga hubonyea bila kuivuta ile iliyo chini ya kiuno. Katika magodoro ya springi ya kawaida, zile zilizofungwa pamoja kwa waya, ukibonyeza moja jirani zake zote hufuata, na hilo ndilo huleta bonde.

Mwuzaji atajisifu kwamba godoro lake lina springi elfu moja. Mwulize kwanza unene wa waya. Waya wa milimita 2 utakubeba kwa muda mrefu kuliko wa milimita 1.8, hata kama springi zake ni chache. Ukiambiwa unene kwa nambari za waya, kumbuka kwamba hesabu hiyo huenda kinyume: nambari 13 ni waya mnene kuliko nambari 15.

Aidha, angalia tabaka la juu. Likiwa jembamba mno utazihisi springi mbavuni, na likiwa nene lakini hafifu, uzito wako utalilaza chapati katika mwaka wa kwanza. Kwa maoni yangu, mtu aliyepita kilo 100 asichukue mseto ulio chini ya inchi 10 kwa jumla, na asivutiwe na ule mto laini ulioshonewa juu. Mto huo ndio unaomfurahisha mtu dukani na ndio hufa kwanza.

Mseto ni ghali, na si kila mtu ataumudu. Nasema wazi kwamba godoro zuri la sponji nzito ni bora kuliko mseto wa bei rahisi wenye waya mwembamba. Shida ni kuijua sponji nzito. Maneno "Heavy Duty" na "High Density" yaliyoandikwa kwenye kitambaa hayana kipimo kimoja kwa kila kiwanda. Nalo neno "Orthopaedic" halimaanishi kwamba kuna daktari aliyelipima godoro hilo. Kipimo cha kweli ni kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo, na kwa mtu mzito inafaa ziwe kuanzia 30 hivi.

Unaweza kulikagua jambo hili kwa mizani. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8, likiwa na sponji ya kiwango hicho, litakuwa na kilo kama 17 bila kitambaa. La futi 4 kwa 6 la unene huo huo litakuwa na kilo 13 au 14. Ukilinyanyua lile kubwa ukakuta lina kilo 9 au 10, basi unauziwa hewa. Hata hivyo, uzito peke yake usikupumbaze, kwani wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ili sponji iwe nzito. Sponji ya namna hiyo humomonyoka upesi. Ibonyeze kwa ngumi kisha uachilie: nzuri hurudi mara moja, mbaya hujivuta. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS na jina la kiwanda. Godoro lisilo na jina halina wa kulalamikiwa.

Lala kabla ya kulipa

Watu huona haya kulala dukani mbele ya wageni. Wachana na haya hiyo. Vaa nguo za kukustiri, vua viatu, ulale jinsi unavyolala nyumbani, kwa muda wa dakika 10 au 15. Nenda na mtu wa nyumbani. Ukilala kwa ubavu, mwambie asimame nyuma yako atazame kutoka shingoni hadi mwisho wa mgongo. Mstari huo uwe umenyooka. Ukiinamia kwenye nyonga, godoro ni laini mno kwako.

Kisha lala chali na upenyeze kiganja chini ya kiuno. Kikipita huku na huko kama kwenye pango, godoro ni gumu mno. Kikikataa kabisa kuingia, umezama. Kikipita kwa kujisukuma kidogo, hapo umefika. Mwisho, keti ukingoni kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mtu mzito huutumia ukingo kila siku kuketi na kuinuka, na ukingo ukiporomoka anaweza kuteleza akaanguka, hasa mzee au mama mjamzito. Duka lisilokuruhusu kufanya haya, liachie godoro lake.

Wanandoa wana shida yao. Mume akiwa na kilo 115 na mke 60, au kinyume chake, yule mwepesi huteremka bondeni kila usiku na kulala ameshikilia ukingo. Springi za mifuko husaidia. Njia nyingine, ambayo wengi hawaifikirii, ni kununua magodoro mawili ya futi 3 kwa 6, moja zito na moja la kawaida, yenye unene sawa, na kuyalaza sambamba kwenye kitanda cha 6 kwa 6. Shuka likishatandikwa hakuna atakayejua.

Mahali unapoishi pia pana neno. Sponji ile inayofuata umbo la mwili hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Godoro lile lile litakuwa gumu Limuru mwezi wa Julai na kuwa kama uji Mombasa mwezi wa Machi. Isitoshe, mtu mwenye mwili huzama ndani zaidi na kutoa jasho jingi, na sponji tupu hulihifadhi joto hilo. Kwa wakazi wa Pwani, Kisumu na sehemu nyingine za joto, mseto una nafuu kwa sababu hewa hupita kati ya springi. Na tafadhali, ondoa ile karatasi ya nailoni lililokuja nayo! Wengi huiacha miaka na miaka ili godoro lisichafuke, kumbe wanalala juu ya jasho lao.

Kabla ya kulaumu godoro, chungulia chini yake. Godoro jipya juu ya kitanda kibovu ni pesa zilizotupwa. Chaga, yaani zile mbao zinazokingama, zisiachane zaidi ya inchi 3, na kitanda cha futi 5 au zaidi kiwe na mguu wa katikati unaofika sakafuni. Wawili wakiwa na kilo 200 pamoja, mbao nyembamba za kreti hazitawastahimili. Fundi yeyote ataongeza chaga na mguu kwa gharama ndogo, na mara nyingine mgongo hupoa kwa hilo peke yake. Baada ya hapo geuza godoro kila miezi mitatu, kichwani kuwe miguuni. Mseto wenye uso mmoja usiupindue chini juu. Ukilaza fimbo ya ufagio juu yake na kukuta bonde la zaidi ya inchi moja na nusu, godoro hilo limemaliza kazi.

Uchovu usio wa godoro

Wapo watu waliobadilisha magodoro mara mbili au tatu na bado huamka wamechoka kana kwamba walikuwa wakilima usiku kucha. Mwulize anayelala nawe kama wewe hukoroma kwa nguvu, kisha ukanyamaza kabisa, kisha ukashtuka ukitweta. Mafuta yakizidi shingoni, njia ya hewa huwa nyembamba na huziba mtu anapolala, hasa akiwa chali. Ugonjwa huu hupandisha shinikizo la damu na humfanya mtu asinzie mchana, hata akiwa anaendesha gari. Hakuna godoro linaloutibu. Kulala kwa ubavu na kupunguza uzito husaidia, lakini daktari ndiye atakayeamua kama unahitaji mashine ya kusukuma hewa.

Ama kwa mgongo, upe mwili majuma matatu au manne kuzoea godoro jipya. Lakini yapo maumivu yasiyopaswa kusubiri. Ikiwa mgongo hukuamsha usiku namna yoyote unavyolala, na una homa au unakonda bila sababu, mwone daktari juma hilo hilo. Na mtu anayehisi ganzi kati ya mapaja, au miguu yake inamwishia nguvu, au ameshindwa kuuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku iyo hiyo, hata kama godoro lake ni la jana.