Taa ya cheki injini imewaka kwenye gari la biashara? Pima kwanza ndo ununue spea

Leo naongea na wewe mwenye Probox, Noah au Kirikuu ya kupelekea mzigo.

Ile taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka, wengi tunafanya moja kati ya mawili: tunaizoea mpaka gari ligome, au tunalipeleka kwa fundi anayesema "hii sensa" kabla hata hajafungua boneti. Yote mawili yanakula mtaji. Mimi nasambaza mayai kwa Probox. Gari likilala siku mbili, wateja wanachukua kwa mwingine na wengine hawarudi. Taa ilipowaka mwezi uliopita, fundi alinitajia 450,000: sensa mbili pamoja na masega. Nikamshukuru, nikaenda kupima mwenyewe. Hatua ni hizi.

1. ANGALIA TAA INAWAKAJE
Ikiwaka moja kwa moja na gari linaenda kawaida, maliza safari kisha upime. Ikiwa inawaka na kuzima huku injini inatetemeka, ujue petroli haiungui yote kwenye silinda, inatoka mbichi kwenda kwenye ekzosi na kuunguza masega. Paki, tafuta msaada. Na usiichanganye na taa nyekundu ya oili. Ile ikiwaka, zima injini hapo hapo.

2. SOMA NAMBA
Chini ya dashibodi, upande wa usukani, kuna soketi ya pini 16. Kifaa kidogo cha ELM327 kinachomekwa hapo na kuongea na simu yako kwa Bluetooth. Changu nilinunua Kariakoo kwa 25,000. Kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa, maana baadhi ya gari za zamani za soko la Japani hazisomeki kwa vifaa hivi. Namba ikitokea, piga picha. Usiifute kwanza, huo ndo ushahidi wako.

3. NAMBA INAKUONYESHA PA KUTAFUTA, SIYO CHA KUNUNUA
Hapa ndo hela nyingi zinapotea. Sensa ya oksijeni inakaa kwenye ekzosi na kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kompyuta ya gari inatumia taarifa hiyo kuongeza au kupunguza petroli. Gari nyingi za silinda nne zina sensa mbili: moja kabla ya masega, moja baada yake.

P0171: hewa ni nyingi kuliko petroli. Mara nyingi sensa inasema kweli kabisa: mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imechafuka au pampu ya petroli imechoka. Ukibadilisha sensa ya oksijeni bila kugusa hayo, taa itarudi.

P0420: masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Angalia kwanza kama ekzosi inavuja. Na kama aliyekuuzia gari alishauza masega, sensa mpya haitakusaidia.

P0135: hita ya sensa ya mbele. P0141: hita ya sensa ya nyuma.

Yangu ilikuwa P0135, basi. Hakuna namba iliyolaumu masega wala sensa ya nyuma. Sensa ikiwa baridi haifanyi kazi, ndo maana ndani yake kuna hita. Hita ikifa, kompyuta inakaa muda mrefu inapima petroli kwa makadirio.

4. THIBITISHA
Anza na fyuzi, hiyo ndo spea ya bei ndogo kuliko zote. Kisha kagua nyaya kama zimegusa ekzosi na kuungua. Injini ikishapoa, chomoa kiungio cha waya wa sensa, weka mita kwenye omu, gusa zile pini mbili za nyaya zenye rangi moja. Kwenye sensa nyingi hizo ndo za hita. Hita nzima inasoma omu chache. Yangu haikusoma kitu, maana yake imekatika ndani.

5. NUNUA KWA AKILI
Nenda na namba ya spea, au na sensa yenyewe. Hesabu nyaya, linganisha kiungio. Toyota nyingi za karibuni zina sensa ya mbele ya aina tofauti na ya nyuma, hata kama kwa macho zinafanana. Haziingiliani. Ukitaka mtumba, pima hita pale pale dukani. Mimi mtumba niliambiwa 40,000 na mpya ya Denso 160,000. Nikachukua mpya, kwa sababu mtumba hata hita ikiwa nzima, hujui sensa yenyewe imebakiza maisha kiasi gani.

6. BADILISHA
Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Nyunyizia WD-40 kwenye nyuzi, subiri. Tumia spana ya 22 au boksi spana yenye mkato wa kupitisha waya. Funga ile mpya kwa mkono kwanza ili usivunje nyuzi, kisha ikaze. Usiguse ncha yake, usipake silikoni. Waya upitishe mbali na ekzosi.

Kama ya zamani imegoma kabisa, usilazimishe. Nyuzi zikiharibika gharama inapanda. Mpelekee fundi, umlipe ufundi tu.

7. FUTA, ENDESHA, SOMA TENA
Futa namba kwa simu, tembea siku chache, soma tena. Mimi sasa ni wiki ya tatu, taa haijarudi. Nilikuwa natembea kama kilomita 10 kwa lita, sasa nafika 12.

Jumla nimetumia 185,000 na kifaa kimebaki changu. Fungua ukurasa wa gari kwenye daftari lako la biashara: kilomita, lita, namba za kosa, spea na tarehe. Safari ijayo fundi akikutajia bei, muulize: "Umesoma namba gani, na umepima nini?" Fundi mzuri atakujibu bila kukasirika.