Siagi ya karanga ya nyumbani: Nafuu iko kwenye uchambuzi

Na Mwandishi Wetu

SIAGI ya karanga ni miongoni mwa bidhaa ambazo wazazi wengi wa mijini huzishika dukani, wakatazama bei, kisha wakazirudisha kwenye rafu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya chupa ile ni karanga na chumvi. Mwenye kikaango, ungo na blenda anaweza kuitengeneza jikoni kwake kwa gharama ndogo.

Lakini kabla ya kuwasha jiko, ni vema kujua kwamba katika kazi hii kuna fedha za kuokoa, na kuna nyingine ambazo ukiziokoa utazilipa kwa afya ya familia.

Hesabu yake

Bei hutofautiana kati ya soko na soko, hivyo tuchukue mfano tu. Tuseme umenunua kilo moja ya karanga mbichi kwa Sh5,000. Ongeza Sh500 za mkaa na Sh500 za umeme au za kusagia mashineni. Jumla ni Sh6,000.

Usitegemee kupata kilo nzima. Ukitoa karanga mbovu, maganda mekundu na maji yanayopotea wakati wa kukaanga, utabaki na gramu 800 hivi, yaani chupa mbili za gramu 400. Kila moja imekugharimu Sh3,000.

Sasa weka bei za sokoni kwako, kisha linganisha na chupa ya dukani. Usisahau saa mbili za kazi yako.

Jinsi ya kutengeneza

Anza kwa kuchambua karanga kwenye ungo, mahali penye mwanga wa kutosha. Kisha zikaange kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha, kwa dakika 20 hadi 30, mpaka maganda yaachie kirahisi na punje ziwe na rangi ya dhahabu. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi.

Ziache zipoe, zifikiche kwa mikono, zipepete, kisha zichambue mara ya pili.

Weka kwenye blenda kidogo kidogo. Kwanza utaona unga, baadaye madonge, kisha mafuta yatatoka yenyewe na kuwa uji mzito. Zima mara kwa mara ili mota ipumzike. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kwa kilo. Ikiwa nzito mno, ongeza kijiko cha mafuta ya kula. Usiweke maji kamwe, kwani maji hukaribisha ukungu.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka kabisa. Mafuta yakipanda juu usiogope, koroga tu. Siagi nyingi za dukani hazijitengi kwa sababu huongezwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani, ujuzi ulioanza Marekani miaka ya 1920. Kwa matumizi ya nyumbani, tengeneza ya kutosha mwezi mmoja, na ikianza kunuka mafuta yaliyochacha, itupe.

Hatari isiyoonekana

Karanga, kama mahindi, hushambuliwa na fangasi wanaotoa sumukuvu zisipokaushwa vizuri. Sumu hii haionekani kwa macho na kukaanga hakuimalizi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ini, na hatari huongezeka kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Dunia iliitambua baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga. Hapa nchini, mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyotajwa kuwa chanzo. Nchini Kenya, Januari 2019 shirika la viwango lilizuia chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Kwa hiyo lebo ya dukani peke yake si kinga. Na wewe uliyeko jikoni una nafasi ambayo kiwanda cha haraka hakina: kuitazama karanga moja moja.

Sumu haisambai sawasawa. Mara nyingi hujikusanya katika punje chache zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota ukungu au kubadilika rangi. Ukiziondoa hizo unapunguza sehemu kubwa ya hatari. Ndiyo maana uchambuzi hufanywa mara mbili, kwani baada ya maganda kutoka, punje zenye rangi isiyo ya kawaida huonekana wazi.

Hapa ndipo penye mtego. Sokoni kuna chenga na karanga zilizosinyaa zinazouzwa kwa bei ya kutupa, na muuzaji atakwambia ni za kusaga tu. Zikisagwa hakuna atakayejua zilivyokuwa. Hiyo nafuu iache.

Ukiweza, nunua karanga zenye maganda, ubangue mwenyewe. Zitikise: zilizokauka vizuri husikika zikigonga ndani. Baadhi ya wabanguaji huzilowesha ili zibanguke kirahisi, na unyevu huo ndio anaoutaka fangasi.

Ulizotoa usiwape kuku wala ng'ombe, kwani kuku hudhurika na sumu ya ng'ombe hupita kwenye maziwa. Zifukie.

Ukitaka kuuza

Wengi huanza kwa jirani mmoja anayeomba chupa. Ukifikia hapo, fahamu kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na hilo hupimwa maabara. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya TBS, na SIDO huwafundisha wasindikaji wadogo.

Kwa sasa, anza na kilo moja. Ukimaliza kuchambua, pima ulizotoa. Uzito huo uingize kwenye gharama, wala usiuhesabu kuwa hasara.