Matokeo ya Darasa la Saba katika Shule Ndogo

Shule ndogo ya msingi ya serikali hutoa watahiniwa kumi, kumi na wawili, pengine ishirini. Tanzania ina shule nyingi za namna hiyo: visiwani Ziwa Victoria, kwenye vijiji vya wafugaji, na katika vitongoji ambako shule shikizi ilikua mpaka ikasajiliwa kuwa shule kamili. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani (NECTA) lilizipanga shule katika makundi mawili, zenye watahiniwa 40 na zaidi na zenye chini ya 40. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne cha 2022, lilitangaza kuwa halitataja tena shule bora. Kijijini mashindano hayakufa. Matokeo yakitoka tu, simu zinapitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu anataka kujua shule yao imepanda au imeshuka.

Mtihani wa darasa la saba una masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Anayepata 121 na kuendelea yumo katika daraja A, B au C, na huyo amefaulu. Shule ikiwa na watahiniwa 12, mtoto mmoja peke yake ni zaidi ya asilimia 8 ya shule nzima. Akiamka na malaria siku ya mtihani, ufaulu unaporomoka kutoka 100 hadi 92 na hakuna mwalimu aliyelegea. Penye watahiniwa 120, mtoto huyohuyo hafikii hata asilimia moja. Kwa sababu hiyo shule ndogo hujazana kileleni na mkiani kwa pamoja. Mtakwimu wa Marekani, Howard Wainer, alilionyesha jambo hili kwa alama za shule za Pennsylvania, wakati ambapo taasisi ya Bill Gates ilikuwa inamwaga fedha kuanzisha shule ndogo kwa imani kwamba udogo ndio siri ya ufaulu. Aliyetazama kileleni tu aliona shule ndogo nyingi. Hakugeuka kutazama mkiani.

Basi asilimia ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni watoto wenyewe: wangapi, wasichana na wavulana, wametoka nyumba za namna gani. Chukua shule ya mfano iliyoandikisha watoto 35 darasa la kwanza. Darasa la saba wanafanya mtihani 14 na wote wanafaulu. Asilimia mia, watu wanapiga vigelegele. Lakini hao 14 ni asilimia 40 tu ya walioanza. Waliobaki nyuma hawana hadithi moja: wapo waliohama na wazazi, wapo waliokariri darasa la nne, na wapo watoro waliokwenda kuchunga ng'ombe au kuvua dagaa. Ikiwa katika wale 14 wasichana ni 10 na wavulana 4, swali la kwanza ni wavulana wamekwenda wapi, na linatangulia swali la alama.

Lugha nayo ina uzito wake. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kidatoga anaweza kukutana na Kiswahili cha kufundishia mlangoni mwa darasa. Mwaka wa elimu ya awali kwake si wa kuimba na kucheza tu. Aliyeukosa huanza kusoma akiwa bado anajifunza kusikia.

Kisha kuna hesabu ya walimu na fedha, ambayo haiipendelei shule ndogo. Kipimo cha kawaida ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule ya wanafunzi 160 kwa kipimo hicho inastahili walimu wanne, ilhali ina madarasa manane ukihesabu la awali. Hapo ndipo unapokuta ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki, darasa la tatu upande huu, la nne upande ule, na mwalimu mmoja akigeuka huku na huku. Ruzuku nayo hufuata vichwa. Kwa utaratibu wa elimu bila ada ulioanza 2016, kila mwanafunzi wa msingi alitengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, 6,000 kati yake zikifika shuleni. Kwa wanafunzi 160 ni shilingi 960,000. Bati lililotoboka halina bei nafuu eti kwa kuwa chini yake wamekaa watoto 20.

Udogo una faida yake pia: mwalimu anamjua kila mtoto na kwao, na asiyefika huulizwa asubuhi ileile. Faida hiyo haionekani kwenye matokeo ya mwaka mmoja. Yakijumlishwa ya miaka mitatu au minne, watahiniwa wanafika arobaini hivi, na mwelekeo wa shule unaanza kuonekana. Matokeo ya nyuma yako wazi kwenye tovuti ya NECTA. Idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza iko kwenye rejesta, ofisini kwa mwalimu mkuu, na mzazi yeyote anaweza kuiulizia kwenye mkutano wa shule.